Tanki Lililopimwa kwa Nje

Jeneza la mama mdogo wangu Kahindo halikuingia kaburini. Waliosimama karibu walinong'ona kwamba limekataa, kwamba marehemu ana neno hajalisema bado, na mwanamke mmoja wa kwaya akajishika kifua. Mimi sikuona la ajabu. Fundi, kijana wa hapahapa Bwera anayeitwa Muhindo, alikwenda kwa seremala na futi yake, akapima jeneza urefu na upana, akachimba shimo la kulitosha na kuacha nafasi ya kiganja kila upande. Kisha akashuka shimoni akalijengea matofali pande zote nne na kupiga plasta, maana siku hizi Bwera mtu mwenye watoto wenye chochote hazikwi kwenye udongo mtupu. Matofali yakaila ile nafasi ya kiganja, yakazidi. Vijana walipoliteremsha kwa kamba, jeneza likakalia kuta kama kifuniko kilichokosea sufuria. Kwaya ikakata wimbo katikati. Muhindo akasimama pembeni na matope ya saruji hadi kwenye magoti, anarudia neno moja tu, kwamba alipima, alipima yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Najua ulipima, nikamwambia moyoni. Hata yule alipima. Nikageuka kumtazama yule, kwa kuwa alikuwepo. Mzee Zakaria Bwambale alikaa kwenye kiti cha plastiki cha mstari wa mbele chini ya hema, fimbo katikati ya magoti, koti la suti juu ya fulana ya sufu, mzee wa kanisa sasa, aliyepangiwa kusema maneno ya mwisho kwenye kipaza sauti. Mimi sikumwalika. Wazee wenzake ndio waliompa kiti, na katika msiba huwezi kumwondoa mtu kitini. Watu wote walikuwa wanalitazama jeneza. Yeye alikuwa anautazama ukuta wa matofali, ile sehemu nyembamba iliyobaki wazi, na nikajua kwamba katika umati ule tuko wawili tunaoukumbuka mwaka mmoja.

Mambo ya ukoo wangu sitayaeleza. Waliokufa wamekufa na waliobaki wanajijua. Naanzia kambini, mwaka ule bunduki zilipotuteremsha milimani na kutumwaga kwenye tambarare ya chini ya Kasese, mahali pa vumbi na miiba, ambapo jua likichomoza linakukuta umeshatoka jasho. Kutoka pale tuliiona milima yetu vizuri sana. Kila alasiri wingu lililala juu yake, mvua inanyesha kule tulikofukuzwa, sisi huku tunalamba midomo. Nilikuwa msichana mkubwa kuliko wenzangu wote wa darasa la sita, nasoma chini ya turubai, na nilikuwa na nia ya kumaliza. Mama mdogo Kahindo alinichukua kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kunichukua. Alikuwa ametokea ng'ambo, upande wa Butembo, mwanamke mrefu asiye na mtoto, rozari shingoni, na Kiswahili chake cha Kongo ambacho watoto wa kambi walikiiga mpaka wakachoka.

Chumba chetu kilikuwa cha fito na udongo, kimegawanywa kwa shuka ya maua iliyochujuka mpaka maua yakabaki madoa. Upande mmoja tulilala, upande mwingine tulipikia mvua ikinyesha. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, akiitwanga muda mrefu, mchi ukigonga kinu kwa mwendo uleule, akaitia mawese alipoyapata na samaki wakavu wa Hamukungu wasiozidi kidole, na posho ya msaada iliyonuka gunia. Alinipakulia mimi kwanza. Nikisema nimeshiba kabla ya kushiba, ananiambia, "Kula, mutoto. Njaa haina adabu, na weye pia usikuwe nayo." Hadi leo nikinusa mawese yanachemka nasikia ile sauti. Ukuta wetu wa nyuma ulipakana na hoteli ya Mama Loyi, kibanda cha mabati ambamo wakubwa wa kambi walikunywa chai ya maziwa, na kwa kuwa udongo ule ulikuwa mwembamba kama ngozi ya ngoma, tuliyasikia mazungumzo yao yote tukiwa tumelala. Mengi niliyoyajua mwaka ule niliyajua kwa sikio lililobanwa ukutani.

Shida ya kambi ilikuwa maji. Mtoni ni mbali, na aliyekwenda alikutana na nyati au na watu wabaya kuliko nyati. Ndipo wageni wa kanisa moja la nje wakaleta saruji na nondo, wakamkabidhi Zakaria, mwenyekiti wa kambi, ajenge tanki, kisha awajulishe tanki hilo linachukua lita ngapi ili wao wapange msaada uliobaki. Zakaria aliwaita mafundi wa Kilembe. Hao walikuwa wazee waliofanya kazi ya mgodi zamani, na mgodi ulipolala wakabaki na ujuzi mmoja mkubwa, kujenga kuta za mawe za kuuzuia mto Nyamwamba usibebe nyumba. Mtu hujenga anachokijua. Tanki letu walilijenga kama ukingo wa Nyamwamba, mawe ya mtoni makubwa kama vichwa vya ng'ombe, ukuta mnene kiasi kwamba kabla tanki halijafunikwa watoto walikaa juu yake wakikunja miguu. Sakafu wakaiinua kwa mawe hayohayo. Mkubwa wao, mzee Mjaluo mwenye jicho moja, aliupiga ukuta kofi siku ya kuondoka akamwambia mwenyekiti kwamba hilo hata mto uje, utaomba njia. Tulicheka na kupiga makofi. Hakuna aliyejiuliza maji yetu sisi yana nguvu gani hata yafungiwe hivyo.

Siku ya kupima tulikusanyika wote. Zakaria kabla ya vita alikuwa mkandarasi wa nyumba, na mwenye kazi ya nyumba hupima kwa nje, kwa sababu anahesabu matofali na mabati, na matofali yako kwenye ukuta. Ndiyo mazoea ya mkono wake. Tanki lilikuwa limeshafunikwa zege juu, limebaki tundu la mtu kupita na mfuniko wake wa chuma. Akalizunguka na futi. Urefu, mita tano. Upana, mita tatu. Akapanda kwenye ngoma ya mafuta akaiteremsha futi hadi chini. Kimo, mita mbili na nusu kasoro kidogo, yaani mbili na sentimita arobaini. Akazidisha urefu kwa upana kwa kimo, akaturudishia jibu kwa sauti ya mhubiri, mita thelathini na sita za ujazo, na kila moja ni lita elfu moja. Akamwita kijana mwenye kopo la rangi ya bluu, na juu ya ukuta, upande unaotazama barabara, ikaandikwa LITA 36,000, herufi ndefu kama mkono wangu. Mama Kahindo aliitazama ile namba akaniambia kwamba rangi nzuri vile wangepaka kanisani.

Hesabu ile si ngumu, na naieleza hapa kwa sababu imekula maisha ya mtu. Jerikeni letu la kawaida lina lita ishirini. Tanki la lita elfu thelathini na sita linatoa jerikeni elfu moja na mia nane. Kambi ilikuwa na nyumba kama mia tatu. Gawanya, kila nyumba jerikeni sita kila tanki likijaa, na bomba kutoka mlimani lilifunguliwa kulijaza mara moja kwa wiki, usiku wa Jumamosi. Jerikeni sita kwa wiki ni kidogo, lakini aliyeahidiwa sita huanza kuzipanga. Moja ya kunywa, mbili za kupikia, moja ya kuogesha mtoto. Watu walizipanga zile sita kabla tone halijatoka. Kukawa na haja ya mtu wa kushika ufunguo wa koki, na Zakaria akamchagua mama mdogo. Alisema mbele ya watu kwamba mwanamke huyu hana ndugu hapa, hana mume, hana kikundi, hatapendelea. Nilijivuna. Sikujua kwamba asiye na kikundi ndiye pia asiye na mtetezi.

Jumapili ya kwanza watu walipanga mstari na jerikeni zao kwa zamu, mzunguko wa kwanza kila nyumba moja, mzunguko wa pili hivyohivyo. Mzunguko wa tatu haukwisha. Koki ilikohoa, ikatema hewa, ikanyamaza, na mstari mrefu ukabaki umeinama. Wakati huo tulicheka bado. Wanaume walisema saruji mpya hunywa maji kama bwana harusi. Wiki ya pili, palepale, katika mzunguko wa tatu, koki ikakohoa. Zakaria akaamuru patafutwe panapovuja, wakachimba kuzunguka msingi wote, udongo ukatoka mkavu kama unga wa muhogo. Wiki ya tatu hakuna aliyecheka tena. Maji hayakuvuja na saruji ilikwisha kunywa, basi kuna mtu. Ndivyo watu wanavyofikiri, na siwalaumu wote. Ukutani imeandikwa elfu thelathini na sita kwa rangi ya bluu, na wewe umepata mbili kati ya sita. Utaamini koo lako au utaamini namba? Waliamini vyote viwili, na katikati ya vitu hivyo viwili alisimama mwanamke mwenye ufunguo.

Nataja majina, maana wenyewe hawakuona haya kulitaja letu. Wa kwanza kusema ni Mama Loyi. Tulimsikia ukutani akiwamiminia chai wakubwa na kuwaambia polepole, kama mtu anayehurumia, kwamba yeye haamki usiku kupeleleza watu, lakini amesikia ndoo. Akasema Wakongo wanajua kuuza, mpaka kivuli cha mti wangekupimia. Wakacheka. Mwingine akauliza sasa yale maji anamwuzia nani, na Loyi akajibu kwamba wenye ng'ombe wapo, hawalali. Upande wetu, mama mdogo alikuwa ananisuka nywele. Vidole vyake havikusimama. Aliumaliza mstari ule mpaka kisogoni, akafunga, ndipo akasema kwa sauti ya chini kwamba huyo mama maziwa yake pia yanatiwa maji, sasa na hayo anayapata wapi. Nilidhani ni mzaha, nikacheka ndani ya mikono. Baadaye ndiyo nilielewa kwamba hakuwa anatania.

Watoto walimpa jina, Mama Tanki. Mstarini wanawake walimsalimia kwa kumwuliza kama ng'ombe wa rafiki zake wamekunywa vizuri. Akaanza kutochukua fungu letu mpaka wa mwisho apate, na kwa kuwa wa mwisho hakupata kamwe, nasi hatukupata. Tuliomba maji kwa jirani tukiwa ndio wenye ufunguo. Akahamishia mkeka wake chini ya koki, akalala pale, ili mwizi akija amkute. Hakuja mtu. Asubuhi anaamka na umande mgongoni, anagusa kufuli kwanza kabla ya kufanya ishara ya msalaba. Mimi nilimwona anapungua. Alikuwa mwanamke aliyecheka na mabega, na mabega yakaacha.

Kisha mvua ikachafua chanzo cha mlimani, maji yakaja mekundu, ikabidi tanki lisafishwe. Tundu lilikuwa dogo na wanaume hawakutaka kujikwaruza, hivyo nikaingizwa mimi na brashi ya katani na bakuli. Ndani kulikuwa baridi. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokumbuka, baridi tamu katika tambarare ile ya moto, na sauti yangu mwenyewe inanirudia kama dada yangu amejibu. Nilisugua, nikazoa matope, nikayapitisha juu kwa bakuli, mama mdogo anayapokea. Nilipochoka nikalala chali sakafuni nipoe, nikanyosha mikono juu ya kichwa kama mtu anayejinyosha kitandani, na vidole vikagusa ukuta. Nyayo zangu zilikuwa zimegusa ukuta wa pili. Nikabaki hivyohivyo. Upande ule ndio ule mfupi, ambao kwa nje tulikaa wanawake wengi kwa kujipanga tukisubiri koki. Nikatoka na matope mgongoni, nikaenda nje upande uleule, nikalala chali chini watu wakiniona, nikanyosha mikono na miguu vilevile. Kichwani pangu palibaki ukuta mwingine wa kumtosha mtoto kulala. Mama mdogo aliniuliza kama nimeugua. Nikamwonyesha. Akaingiza mkono wake kwenye lile tundu la juu, lililokuwa kando ya ukuta, akaubana ule unene kwa kiwiko na vidole kama anavyopima kitambaa, akasema, "Bon. Ukuta ndio alikunywa."

Tulikwenda kwa Zakaria mchana uleule, mimi bado na matope. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mbao chenye meza na picha ya tanki, ile waliyopiga wageni, yeye amesimama mbele ya namba. Joram alikuwa mlangoni. Huyo alikuwa mlinzi wa kambi, hajawahi kuvaa gwanda la jeshi lolote, lakini usipomwita afande hakusikii. Mama mdogo alisalimu, akapiga goti kidogo kama ilivyo heshima, akasema alichokuja nacho. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Mwenyekiti, sikukuya kwa ugomvi. Ile tanki kwa inje iko mukubwa, lakini ndani iko mudogo. Mulipima mawe pamoja na maji. Mupime ndani, baba. Ndani, hapana juu."

Zakaria akanitazama mimi, akauliza nani kasema hivyo. Nikasema mimi, nililala mle nikagusa huku na huku. Joram akacheka mlangoni, akasema kumbe siku hizi maji yanapimwa kwa msichana. Lakini Zakaria hakucheka. Hapo ndipo ninapomshika mpaka leo. Alichukua kalamu ya risasi, akavuta karatasi, akaandika kitu, akakata, akaandika tena. Fundi yeyote akishaambiwa ukuta una unene hawezi tena kusema hajui. Akaikunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Akasema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Mama Kahindo, ile namba wageni walishaiona. Walishapeleka picha. Mimi nitawaambia nini sasa, kwamba mwenyekiti hajui kupima?"

"Utawaambia ukuta ni munene," mama mdogo akasema.

"Rudi kwako," akasema. "Tutaangalia."

Wakaangalia. Jumapili iliyofuata, mzunguko wa tatu ulipokatika, Zakaria aliitisha baraza palepale kwenye tanki, chini ya namba yake. Hakusema neno la ukuta. Alisema kamati ya kambi imefanya uchunguzi. Loyi akasimama akaapa kuhusu ndoo. Ufunguo ukaombwa, mama mdogo akautoa shingoni ulikoning'inia pamoja na rozari, na kwa kuwa kamba zilikuwa zimesokotana, vikachomoka vyote viwili, akabaki amesimama na shingo tupu. Joram akamfunga jerikeni tupu mgongoni kama mtoto. Nasema kama mtoto kwa sababu ndivyo alivyotaka, alijua hana mtoto, na akaamuru kwa ile lugha yake ya kambi ya jeshi asiyoifikia, "Geuka. Tembea. Mbele, mbele." Alizungushwa nyumba zote. Watu walipiga jerikeni kwa vijiti alipopita. Mimi nilimfuata nyuma na nilipiga kelele kwamba ukuta ndio umekunywa, ukuta ndio umekunywa, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyocheka, kwa kuwa kwa mtu asiyejua inaposemwa hivyo inachekesha kweli.

Tuliondoka kwa miguu na mzigo mmoja, tukashika njia ya Bwera, kisha Mpondwe, tukavuka mpaka. Shule yangu ilikatika pale, darasa la sita, katikati ya muhula. Sikuirudia. Tukaishi ng'ambo mpaka ng'ambo nako kukachafuka, tukarudi Bwera, akaanza kuuza maharage sokoni na mimi mafuta ya taa. Kwa hayo mafuta ndiyo nilijifunza hesabu ya tanki vizuri, maana mwenye duka la jumla alikuwa na tanki la chuma la pembe nne, na kila mwezi nilimwona anatumbukiza kijiti kikavu, anasoma pale kilipolowa, anazidisha. Chuma ni chembamba, kwa nje na kwa ndani ni karibu sawa. Mawe ya Kilembe sivyo. Urefu kwa ndani mita nne, nusu mita imeliwa kila upande. Upana kwa ndani mbili. Kimo kutoka sakafu iliyoinuliwa hadi bomba la kumwaga maji yaliyozidi, ambalo maji hayawezi kulipita juu, ni mbili. Nne kwa mbili kwa mbili. Kumi na sita. Lita elfu kumi na sita, jerikeni mia nane kwa nyumba mia tatu. Mizunguko miwili kamili, wa tatu unakatika. Mama mdogo hakuiba hata kikombe. Alikuwa anagawa kila tone lililokuwemo.

Na kuna jambo lililonifikia kwa watu waliobaki kambini, ambalo ndilo linalonizuia kusamehe. Ufunguo ulikwenda kwa mpwa wa Loyi. Jumapili ile ya kwanza bila sisi, koki ilikohoa palepale, katika mzunguko wa tatu. Hakuna aliyeitisha baraza. Zakaria akatangaza kwamba kwa sababu ya kiangazi, kila nyumba itachukua jerikeni mbili, na siku aliyotangaza, wanasema, alikuwa ameshika mwavuli. Mbili kwa nyumba mia tatu ni mia sita. Zile mia mbili zilizobaki kila wiki, muulize Loyi alikuwa anapikia nini chai. Kwa hiyo Zakaria aliipata hesabu ya kweli, alikuwa nayo mfukoni, akaitumia kimyakimya. Alichokosa kufanya ni kulisafisha jina letu.

Mama mdogo hakuwahi kulizungumza. Alichobaki nacho ni tabia. Hungeweza kumwuzia chungu, ndoo, sanduku, hata kikombe cha bati, bila yeye kuingiza mkono na kupapasa ndani mpaka chini. Wachuuzi wa soko la Bwera walimtania kwamba anatafuta nyoka. Nilipomnunulia kitanda kipya uzeeni alilala kwanza, akanyosha mikono, ndipo akasema asante. Miezi ya mwisho, mgonjwa, alinishika kifundo cha mkono akauliza kama ile namba bado ipo ukutani. Nilikuwa nimepita Kasese nikaiona. Kambi haipo, tanki lipo, ukuta mmoja umetobolewa mlango, mtu anafugia mbuzi mle, na rangi ya bluu bado inasomeka. Nikamwambia mvua imeifuta. Akasema vizuri. Nilimdanganya, na ningemdanganya tena.

Basi tuko kaburini, jeneza limevutwa tena juu ukingoni, na Muhindo anatafuta futi yake ambayo imezama kwenye saruji mbichi, ili ajue abomoe tofali ngapi. Watu wanamrushia mashauri. Zakaria akainuka kitini. Alikuja taratibu mpaka ukingoni, akamnyoshea kijana fimbo yake, na sauti yake ya mhubiri ingali nzuri. "Chukua hii. Pima ndani, kijana. Ndani, si juu."

Wazee wakaguna kwa heshima. Mzee anajua, mmoja akasema. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kunusa kafuri kwenye koti lake.

"Mzee Zakaria," nikasema, "hayo maneno uliyapata wapi?"

Hakunitazama. Alilitazama jeneza muda ambao Muhindo aliutumia kushuka na kuilaza fimbo kati ya ukuta na ukuta. Kisha akasema chini kabisa, kwa ajili yangu tu, "Kwa huyu."

"Kipaza sauti kiko pale," nikamwambia. "Ulipangiwa kusema."

Akakitazama. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi, nilimpa nafasi yote aliyoihitaji. Kisha akarudi kitini bila fimbo, akishikilia migongo ya viti vya watu, akakaa, akavua kofia na kuiweka gotini.

Nikaenda mimi. Sijawahi kushika kitu kile, kilipiga mluzi, na sikujua kuhutubia. Sikumtukana mtu. Nilisema tu kwamba kwa nje lilikuwa mita tano kwa tatu kwa mbili na arobaini, na kwa ndani lilikuwa nne kwa mbili kwa mbili, na kwamba aliyelala hapa alimwambia mwenyekiti siku ileile alipojua. Nikarudia mara moja zile namba za ndani. Wengi walidhani msiba umenichanganya, na binti mmoja akaja kunishika bega. Lakini humo kwenye umati walikuwemo wazee waliowahi kupanga mstari wa jerikeni kwenye vumbi lile, na niliwaona mmoja mmoja wanainamisha vichwa. Mwanamke mzee mwenye khanga ya kijani akafunika mdomo. Chini shimoni nyundo iligonga, tofali likaanguka, likafuata la pili, na Muhindo, ambaye hakuwa amezaliwa mwaka ule na hakuelewa hata neno moja nililosema, akainua uso wake mweupe kwa saruji na kuniita.

"Leteni polepole," akasema. "Sasa anaingia."